Gari Linatembea, Dereva Haoni

Kata ya Oloipiri iko magharibi ya Waso, upande wa kuelekea mpaka wa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Kwa anayeshika usukani, jambo hilo la ramani lina uzito wake. Anayeondoka alfajiri kumpeleka mgonjwa Hospitali ya Waso au kuwahi basi la Arusha, anakwenda huku jua linalochomoza likimpiga usoni. Akirudi jioni, anakutana nalo tena likizama mbele yake. Huku kwetu karibu na ikweta jua hupanda upesi, nyuzi 15 kila saa, hivyo adha yenyewe huchukua kama nusu saa asubuhi na nusu saa nyingine jioni. Tatizo ni kwamba ndizo nusu saa ambazo ng'ombe wanatoka bomani au wanarejea, na watoto wako njiani kwenda au kutoka shule. Na ndipo kioo cha gari la zamani kinapoanika makovu yote ambayo mchana kutwa hayakuonekana.

Gari lenyewe mara nyingi ni Land Rover 110 au Land Cruiser mkonga. Toyota ilianza kutengeneza familia hiyo ya 70 mwaka 1984 na mpaka leo haijaiacha. Land Rover Defender ya umbo la zamani, familia ya hiyo 110, ilifika mwisho Solihull, Uingereza, Januari 2016, lakini Arusha hawajapokea taarifa hiyo kwa moyo mmoja: Oktoba 2024 mji ulifanya tamasha zima la Land Rover, watu wakaja na magari yenye umri unaowapita wao wenyewe. Sifa za magari haya zinajulikana. Hayaogopi korongo, springi zinabadilishwa chini ya mti, injini inafufuliwa hata mara ya tano. Sifa hizo zote zinahusu gari kutembea. Hakuna hata moja inayohusu dereva kuona.

Ukimuuliza mwenye gari kama kioo chake ni kizima, atakuonyesha ufa. Kama hakuna ufa, basi kioo ni kizima. Trafiki naye huanzia hapo hapo. Mimi naona ufa ni tatizo la tatu au la nne. Kinachomziba dereva macho ni mambo madogo yaliyomjia polepole, mwaka hadi mwaka, mpaka jicho likayazoea na kuyahesabu kuwa ndiyo hali ya dunia.

La kwanza ni mikwaruzo. Kwenye kipimo cha Mohs, kinachopima ugumu wa madini kuanzia 1 hadi 10, kioo cha gari kiko kati ya 5.5 na 6. Mchanga wa kwatzi uko 7. Vumbi la nyanda za Ngorongoro na Serengeti ya mashariki lina majivu ya volkano ya tangu zamani, na Oldoinyo Lengai uliongeza mengine ulipolipuka mwaka 2007 na 2008. Ndani yake mna chembe ngumu karibu sawa na kioo chenyewe. Changanya vumbi hilo na mchanga, lipige kioo kilichosimama wima kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa miaka ishirini, halafu kila asubuhi washa waipa kwenye kioo kikavu ili kuondoa vumbi la usiku. Hapo umekipiga msasa kwa mikono yako. Mikwaruzo ya waipa hujipanga kwa mkunjo, nusu duara ndani ya nusu duara, na jua likiingia kwa chini kila mkwaruzo hugeuka uzi wa mwanga. Dereva haoni ng'ombe, anaona kioo.

Kujua hali ya kioo hakuhitaji gereji. Usiku, mtu asimame nje mbele ya gari na tochi, aielekeze kwenye kioo kwa upande, wewe ukae kwenye kiti cha dereva. Vidoa vidogo kama vumbi la chumvi ni alama za kokoto na mchanga. Mistari ya mkunjo ni ya waipa. Weupe wa maziwa unaoanzia pembeni ni jambo jingine kabisa: unyevu umeingia kati ya tabaka mbili za kioo na kuanza kuachanisha utando wa plastiki ulioko katikati. Weupe huo hausafishiki. Mafundi wanaouza dawa ya kupaka ili kioo king'ae wanaweza kusaidia kidogo kwenye mikwaruzo myepesi, ila kusugua kioo cha mbele mpaka mikwaruzo mirefu iishe huacha mabonde, na barabara inayoonekana kupitia mabonde hayo hupinda. Kioo kilichochakaa kiasi hicho hakina tiba.

Kinachoweza kuzuiwa ni kasi ya kuchakaa, na hapo mhusika mkuu ni maji. Angalia tanki la maji ya kuoshea kioo kwenye magari kumi ya zamani, uone mangapi yana maji. Pampu imekufa, au bomba limepasuka, au tundu la kurushia maji limezibwa na vumbi na hakuna aliyelichokoa kwa sindano. Wengine tanki walishaling'oa kupisha betri ya pili. Hata yanapokuwepo, maji ya visima vya ukanda huu yana madini mengi. Yakikauka kwenye kioo chenye joto yanaacha madoa meupe ambayo nayo raba ya waipa inayaburuta. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati ni bora kuliko ya kisima, na matone machache ya sabuni ya maji yanatosha. Na kabla ya kuondoka asubuhi, mwaga kwanza maji kwenye kioo, vumbi liteleze, halafu ndiyo uguse swichi ya waipa.

Raba zenyewe huuawa na jua kabla hazijauawa na kazi. Kati ya masika na vuli zinalala miezi mikavu ya kiangazi juu ya kioo chenye moto, zinakauka, ukingo wake unapasuka. Mvua ya kwanza ya Novemba ikija, waipa inarukaruka na kuacha mistari ya maji mbele ya macho kabisa. Ipitishe ukucha wako kwenye ukingo wa raba: kama ni mgumu au una meno, imekwisha, hata kama ilinunuliwa mwaka jana. Kwenye Land Rover kuna ugonjwa zaidi. Mota moja inasukuma waya wenye meno kupita kwenye bomba mpaka kwenye vigurudumu viwili vinavyozungusha mikono ya waipa. Grisi ikikauka ndani ya bomba hilo, waipa zinatembea kwa uvivu, na mwenye gari ananunua mota mpya bure. Yapo magari yaliyokwisha kata tamaa na mota, waipa imefungwa kamba inayopita dirishani, abiria wa mbele anavuta kila mvua inapozidi. Mary Anderson, mwanamke wa Marekani aliyepata hataza ya kifaa cha kufuta kioo mwaka 1903, alikusudia kiendeshwe kwa mkono kutoka ndani, kwa hiyo abiria huyo yuko ndani ya mapokeo.

Sasa ufa. Kioo cha mbele kina tabaka mbili za kioo na utando wa plastiki katikati, ndiyo maana kinapasuka bila kumwagika. Jiwe likirushwa na Fuso na kuacha alama ndogo kuliko sarafu, mbali na macho ya dereva, alama hiyo inaweza kujazwa gundi maalumu mijini na ikatulia. Masharti ni kwamba uchafu usiingie, kwa hiyo gundi ya karatasi inayoonyesha, ile ya dukani, ibandikwe siku hiyo hiyo. Ufa mrefu haujazwi. Nao hurefuka kwa joto na baridi: gari limelala kwenye ukingo wa Kreta ya Ngorongoro, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, kioo kikiwa cha barafu, saa sita mchana liko Olduvai linachomwa. Anayemwagia maji ya moto kioo cha asubuhi ili kuondoa umande anaukaribisha ufa kwa mikono miwili.

Kuna ufa ambao haukuletwa na jiwe lolote, na huu ndio unaofilisi watu. Unaanzia ukingoni, mara nyingi kwenye kona ya chini, na ukiupapasa huoni mahali palipogongwa. Mwambie fundi achukue bisibisi bapa, ainue taratibu mpira unaoshika kioo kwenye kona hiyo. Kama mpira umekauka utakatika vipande. Chini yake utaona unga mwekundu, na pengine bati limevimba kwa kutu kiasi cha kusukuma kioo. Maji yalikuwa yanapenya hapo kila masika na kukaa. Fremu iliyovimba inakibana kioo upande mmoja. Gari likipita korongo, bodi ikijinyonga kidogo, kioo kinatafuta pa kupumulia. Ukiweka kioo kipya juu ya kutu hiyo kitapasuka kona ile ile, na utamlaumu muuza vioo. Kupaka silikoni juu ya mpira, kama wafanyavyo wengi, kunayafungia maji ndani badala ya kuyazuia nje. Dawa ni kutoa kioo, kukwangua kutu mpaka bati safi, kuchomelea palipotoboka, kupaka rangi, na kurudisha kioo na mpira mpya. Ni kazi ya siku mbili au tatu, na hiyo ndiyo sababu haifanywi.

Kwa kuwa kioo cha mbele cha Defender ni bapa, kipo kishawishi kingine: kukata kipande kutoka shiti yoyote iliyopo dukani. Kikiwa cha tabaka mbili, sawa. Kikiwa kioo cha dirisha la nyumba, kikivunjika kinatoa mapanga. Hilo halina mjadala, hata kwa vidirisha vya nyuma vinavyokaa karibu na shingo za abiria.

Nafika kwenye ukungu, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu safari ya kwenda Karatu kupitia ukingo wa kreta hukutana na ukungu wa aina mbili kwa wakati mmoja na madereva wengi huutibu mmoja kwa dawa ya mwingine. Ukungu wa nje ni wingu lenyewe limekaa barabarani. Huo hauna fundi. Dawa yake ni mwendo na taa fupi, kwa sababu taa ndefu zinapiga matone na kukurudishia mwanga machoni. Ukungu wa ndani ni pumzi za watu. Hewa yenye joto hubeba maji mengi kuliko hewa baridi, na ikigusa kioo kilichopoa huyaacha pale. Weka watu kumi ndani ya 110, baadhi yao na shuka zilizolowa mvua, funga madirisha kwa sababu ya baridi, na ndani ya dakika chache kioo cha mbele kimekuwa cheupe. Dereva wa Tanga au Dar es Salaam anajua kinyume chake: AC inapoza kioo, umande unashika nje, waipa moja inaumaliza. Akija huku juu na kuwasha waipa, anashangaa hakuna kinachofutika.

Gari lilitoka kiwandani na dawa yake, yaani hita inayopuliza hewa ya moto chini ya kioo. Iko wapi? Redieta yake ndogo ilianza kuvuja miaka mingi iliyopita, ikalowesha miguu ya abiria, na fundi akakata hosi mbili akaziunganisha zenyewe kwa zenyewe kwenye injini. Uvujaji ukaisha. Tanzania ni nchi ya joto, hita ya nini? Sentensi hiyo imetamkwa Arusha mjini, Moshi, Dar es Salaam, na gari likaja kufanya kazi kwenye miinuko ya Loliondo inayokaribia mita 2,000. Land Rover za zamani zilikuwa pia na vidirisha viwili vya hewa chini ya kioo cha mbele, vinavyofunguliwa kwa mkono kutoka ndani. Hewa ya nje ikiingia hapo inapanda na kioo moja kwa moja. Navyo vimezibwa na silikoni, maana mpira wake uliisha na vumbi likawa linaingia.

Kurudisha hita ni kazi ya hosi, redieta moja ndogo ya mtumba, na mchana mmoja wa fundi. Anayeshindwa leo hii afungue dirisha la mbele kidogo na la nyuma kidogo ili hewa ipite, abiria wavumilie. Kama AC inafanya kazi, aiwashe pamoja na hita, kwa kuwa AC hukausha hewa. Kipande cha sabuni kikipakwa ndani ya kioo kikavu kisha kikafutwa kwa kitambaa safi mpaka kisionekane, husaidia: maji yanatandaa badala ya kujikusanya matone. Kufuta kwa kiganja ni kosa. Mafuta ya mkono yanabaki, na jioni jua likirudi usoni kila kidole kinasomeka.

Vumbi la ndani linadharauliwa kuliko yote. Gari lenye mgongo uliokatwa wima huacha nyuma yake nafasi ya hewa hafifu inayolivuta vumbi la magurudumu na kulirudisha ndani kupitia mipira iliyochoka ya mlango wa nyuma. Ndiyo maana abiria wa nyuma hushuka amebadilika rangi huku dereva akiwa na nafuu. Linatua kwenye kioo cha mbele upande wa ndani, linashikana na mvuke wa plastiki wa dashibodi na moshi wa sigara, linakuwa utando. Watu wanaosha gari kila wiki bila kuugusa. Mpira mpya wa mlango wa nyuma unarekebisha uoni wa mbele, ajabu lakini kweli. Mpaka upatikane, feni iwashwe ikivuta hewa ya mbele ili ndani kuwe na msukumo, na madirisha ya nyuma yafungwe.

Vumbi la gari lililotangulia ni suala la subira. Mwaka 2011, magari ya kila aina yalipofuatana kwa maelfu kwenda Samunge kwa Babu Ambilikile Mwasapile kufuata kikombe chake cha dawa, madereva wa mijini waligundua kwamba kumfuata mtu kwa karibu kwenye barabara ya vumbi ni kuendesha kwa imani tupu. Sehemu ya njia kati ya Waso na Sale sasa ina lami. Kwingineko ushauri haujabadilika: mwache aende mpaka vumbi lake litue, na taa ziwe zimewashwa hata mchana ili anayekuja akuone.

Kisha yapo tuliyoongeza wenyewe. Tairi ya akiba juu ya boneti inamficha mtoto aliyesimama mbele ya gari. Mkonga, lile bomba la kuvutia hewa ya injini, umesimama pembeni mwa kioo, upande wa dereva kwa mengi ya magari haya, ukifuatana na nguzo ya mlango. Viwili hivyo kwa pamoja vinaweza kumeza pikipiki nzima inayokuja kwenye kona. Juu kuna utepe wa jina la Mungu, chini stika za bima zilizokwisha muda na za Wiki ya Nenda kwa Usalama za miaka iliyopita, katikati rozari, shanga na kibendera cha Yanga. Dashibodi imetandikwa kitambaa cheupe kinachojirudia kwenye kioo kama pazia mchana kutwa. Stika ya usalama barabarani inayomzuia dereva kuiona barabara inastahili makala yake.

Kwenye magari yaliyogeuzwa usukani kutoka kushoto kwenda kulia, jambo moja husahaulika karibu kila mara: waipa. Zilipangwa kufuta vizuri upande wa kushoto, na ile pembe isiyofikiwa sasa iko mbele ya dereva. Taa nazo zinainua mwanga upande wa kulia, machoni mwa anayekuja. Kabla ya kununua gari la namna hiyo, omba lirushiwe maji kwenye kioo, washa waipa, ukae kiti cha dereva uangalie.

Usiku kioo kilichokwaruzika hukutana na taa zilizochoka. Mwanga wa balbu ya kawaida hushuka haraka kuliko umeme unaoifikia: upungufu wa asilimia 10 ya volti huondoa takriban asilimia 30 ya mwanga. Injini ikiunguruma, betri yenye afya husoma kama volti 13.8 au zaidi. Pima pia kwenye balbu yenyewe, taa zikiwaka. Ukikuta 12.4, ile asilimia 30 imeshapotea kwenye waya, na balbu mpya haitairudisha. Kwenye 110 umeme wote wa taa kubwa hupita kwenye swichi ya usukani. Kuweka relei na waya mnene, na kusafisha arthi, ni kazi ndogo yenye matokeo yanayoonekana usiku huo huo. Kwa kilomita 60 kwa saa gari linakula karibu mita 17 kila sekunde. Hesabu sekunde moja na nusu ya kushtuka, ongeza breki juu ya changarawe, unafika karibu mita 55 kabla ya kusimama. Taa fupi nzima humulika takriban hapo hapo. Ondoa theluthi, halafu weka punda au fisi mbele. Wengi hukimbilia balbu za LED za bei rahisi, ambazo ndani ya taa isiyotengenezwa kwa ajili yake hutawanya mwanga ovyo. Anayekuja naye ana kioo cha mikwaruzo, kwa hiyo mmoja wenu lazima asimame.

Kwa nini haya yote hayatengenezwi, wakati mengi ni nafuu kuliko tairi moja? Kwa sababu dereva mara nyingi si mwenye gari. Springi ikikatika gari linalala, biashara inasimama, mwenye gari anatuma hela siku hiyo. Raba ya waipa ikiisha gari linaendelea kuingiza fedha. Dereva akilalamika haoni vizuri, anaambiwa aendeshe taratibu, au anaonekana macho yake ndiyo yamezeeka. Abiria nao huuliza nauli na saa ya kufika. Siku kioo kinapopata ufa, ndipo trafiki, mwenye gari na fundi wanakubaliana kuna tatizo, na fedha yote inaishia kwenye kioo kipya, ambacho kitawekwa kwenye fremu yenye kutu, kitafutwa kwa raba zilezile kavu, na ndani yake kitashika ukungu uleule siku ya kwanza litakapopanda ukingo wa kreta. Kwa bajeti hiyo hiyo ningeanza na raba, pampu ya maji, hita, mpira wa mlango wa nyuma na relei za taa. Kama fremu haina kutu na ufa hauko mbele ya macho ya dereva, kioo kingengoja mpaka baada ya masika, na trafiki ningezungumza naye mimi.